Bei Iliyopigwa Mstari

Novemba ikianza, simu za Nairobi na Mombasa hazilali. Saa sita kamili za usiku ujumbe unaingia: ofa imefunguliwa. Mtu aliyejinyoosha kitandani, tuseme ni mwalimu wa shule ya msingi, anafungua duka la mtandaoni na kukuta runinga janja ya inchi 43. Chini ya picha kuna namba mbili. Ya kwanza, 45,000, imepigwa mstari katikati. Ya pili, nene na nyekundu, ni 24,999. Pembeni kuna saa inayohesabu dakika zikiyoyoma, na maandishi madogo yanaonya kwamba zimebaki tatu tu. Mwalimu anapiga hesabu ya haraka: hapa ameokoa shilingi elfu ishirini.

Tuseme pia kwamba runinga hiyo hiyo iliuzwa 24,999 mwezi Agosti, na Septemba, na Oktoba, na kwamba hakuna aliyewahi kuilipia 45,000. Mwalimu ananunua. Bodaboda anaileta salama, inawaka bila shida, watoto wanashangilia. Amelipa bei ambayo angelipa popote mjini. Hakuna senti iliyoibwa mfukoni mwake. Na amefurahi.

Je, amedhulumiwa?

Mwalimu huyu ni wa kubuni, lakini hali yake ni ya kweli. Nchini Uingereza chama cha kutetea wateja kiitwacho Which? kimefuatilia bei za msimu huu kwa miaka mingi, na mara kwa mara kimekuta kwamba sehemu kubwa ya bidhaa zinazopigiwa debe zilipatikana kwa bei hiyo hiyo, au chini yake, nyakati nyingine za mwaka. Kwa hiyo swali la mwalimu linawahusu watu wengi sana. Ni swali gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mizani ya kawaida ya dhuluma haisaidii. Tumezoea kumtambua aliyedhulumiwa kwa hasara aliyopata au kwa malalamiko yake. Huyu hana hasara, na halalamiki.

Kisa cha kale kinaweza kutusaidia. Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, anasimulia habari za Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa nguo wa Basra katika karne ya pili ya Hijria. Dukani kwake kulikuwa na mavazi ya dirhamu 400 na mengine ya dirhamu 200. Siku moja alikwenda kuswali akamwacha mpwa wake dukani. Akaja bedui akaomba vazi la dirhamu 400, kijana akampa moja ya yale ya 200, mgeni akalipenda, akalipa, akaondoka nalo mkononi. Yunus alikutana naye njiani na kulitambua vazi. Alipoambiwa bei, alimwambia mtu yule arudi dukani. Bedui akakataa: kwao vazi kama lile lilifika dirhamu 500, na yeye ameridhika. Yunus hakukubali. Alimrudisha, akamtolea dirhamu 200, kisha akamgeukia mpwa wake kwa ukali. Kijana alijitetea kwamba mtu yule alichukua kwa ridhaa yake mwenyewe. Mjomba akamuuliza kama naye, akiwa mnunuzi, angependa kutendewa hivyo.

Bedui wa Basra na mwalimu wa Nairobi wanafanana kwa jambo moja kubwa: wote wawili waliridhika. Yunus aliliona hilo na bado hakuhesabu kuwa shauri limekwisha. Kwake, ridhaa iliyojengwa juu ya habari isiyo kweli haikumsafisha muuzaji, hata kama mnunuzi mwenyewe alisema kwamba ameridhika.

Ni haki kukiri kwamba kisa hiki hakimfikii mwalimu moja kwa moja. Bedui alilipa mara mbili ya bei ya vazi, mwalimu amelipa bei ya soko. Mtetezi wa duka la mtandaoni atasimama hapo hapo na kuuliza: kama bei ya mwisho ni halali, ile ya juu iliyopigwa mstari inamdhuru nani? Kwani sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, hawafanyi hivyo kila siku?

Hoja ya Kariakoo inastahili kujibiwa kwa makini. Mteja anaingia dukani, anaelekeza kidole kwenye runinga ya inchi 32 na kuuliza, "Hii bei gani, kaka?" Anajibiwa, "Laki nne, dada yangu, lakini tutaongea." Anacheka. "Nipe bei ya kununulika." Muuzaji anashuka kidogo, mteja anapanda kidogo, mmoja analalamika kwamba hapo hana faida hata ya nauli, mwingine anaanza kuelekea mlangoni na kuitwa arudi. Mwishoni wanakutana kwenye laki tatu na kitu. Laki nne ya mwanzo haikuwa bei ambayo muuzaji aliitarajia. Je, alisema uongo?

Hakusema. Neno "tutaongea" linaisafisha namba ile. Laki nne ilikuwa mwaliko, na wote wawili waliuelewa hivyo. Muuzaji hakudai kwamba jana mtu fulani aliilipa. Alitaja anachotaka, naye mteja akataja anachotaka, na kila mmoja alikuwa na ulimi wa kumjibu mwenzake na miguu ya kuondokea.

Namba iliyopigwa mstari kwenye skrini ni kauli ya aina nyingine kabisa. Inatoa habari ya jambo lililopita: kwamba kitu hiki kilikuwa na bei hii, watu walikilipia hivi, na leo wewe unapewa nafuu. Bei ya leo ni matakwa ya muuzaji, naye ana uhuru nayo. Bei ya jana ni ushahidi, na mtu hana uhuru wa kuubuni ushahidi.

Tofauti hiyo wanafiqhi wa Kiislamu waliiona zamani na kuiwekea majina. Mauzo ya kupatana, ambamo muuzaji halazimiki kutaja alinunua kwa ngapi, waliyaita musawama. Lakini kuna kundi jingine waliloliita mauzo ya amana, ambamo muuzaji mwenyewe anaifanya bei ya awali kuwa msingi wa mapatano. Akiuza kwa kuongeza faida inayojulikana juu ya mtaji wake, ni murabaha. Akiuza kwa mtaji ule ule, ni tawliya. Akiuza chini ya mtaji, ni wadhia, yaani uuzaji wa punguzo. Hakuna aliyemlazimisha kuutaja mtaji wake. Ila akishautaja na kumwomba mnunuzi auegemee, mdomo wake umebeba amana. Ikibainika kwamba aliusema uongo, mnunuzi anapata haki ya kukipunguza kilichozidishwa au kuuvunja uuzaji, kulingana na madhehebu na aina ya mauzo.

Katika vitabu hivyo msingi ni mtaji wa muuzaji, wala si bei aliyouzia mwezi uliopita, na wanazuoni wa leo wana nafasi ya kulijadili hilo. Lakini mantiki ni ile ile. Anayesema "punguzo" amechagua kuacha mlango wa kupatana na kuingia kwa mlango wa amana. Angeweza kuandika 24,999 peke yake na kunyamaza, na hakuna ambaye angemdai maelezo. Amechagua kushuhudia.

Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati, inakataza mfanyabiashara kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, kubwa na dogo. Kinachovutia ni kwamba katazo linaanzia mfukoni, kabla mawe hayajapimia chochote. Kumiliki tu jiwe la pili ni kosa, kwa kuwa mwenye mawe mawili amekwisha kuamua kwamba kipimo ni chombo cha kumtumikia yeye. Bei mbili kwenye skrini, moja ikiwa haikuwahi kutumika, ni mawe mawili.

Falsafa ya kale ya Warumi inatoa kesi yenye mvuto zaidi. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika juu ya mfanyabiashara aliyesafirisha nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Watu wa Rhodes wako tayari kulipa chochote. Yeye anajua, nao hawajui, kwamba meli nyingine zilizojaa nafaka ziko njiani. Je, awaambie? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli, kwa simulizi ya Cicero, alimtetea muuzaji: kunyamaza si kuficha, na sheria haimdai mtu kutangaza kila anachojua. Antipater, mwanafunzi wake, alipinga kwamba binadamu amezaliwa ndani ya jamii na hawezi kuwanyima wenzake habari inayowagusa kwa faida yake mwenyewe. Cicero aliegemea kwa Antipater. Karne ya 13 mwanateolojia Thomas Aquinas aliirudia kesi hiyo katika Summa Theologiae na kuwa mlegevu kidogo: kwa haki tupu muuzaji hakulazimika kusema, ingawa angekuwa mwema zaidi kama angesema au kushusha bei.

Mabishano hayo ya miaka zaidi ya elfu moja yalikuwa juu ya ukimya. Hata Diogenes, mpole kuliko wote kwa wafanyabiashara, hakumpa muuzaji ruhusa ya kubuni. Tukimhamishia Rhodes mwenye duka letu la Novemba, hatakuwa yule aliyenyamaza kuhusu meli zilizo njiani. Atakuwa amesimama bandarini akitangaza kwamba jana gunia liliuzwa mara mbili ya hivi, na ni yeye tu anayewahurumia.

Mtetezi ana hoja nyingine: siku hizi kila mtu anajua kwamba namba ya juu ni mapambo. Aliyeerevuka hadanganyiki.

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo linapaswa kumnyenyekeza kila anayejiona mjanja. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, gurudumu lililotegwa lisimame kwenye 10 au kwenye 65. Kisha wakawataka wakadirie nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Waliotokewa na 10 walikadiria asilimia 25 kwa wastani wa katikati. Waliotokewa na 65 walikadiria 45. Gurudumu lilizungushwa hadharani, na machoni mwao lilikuwa la bahati nasibu tu. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba linajua lolote kuhusu Afrika, na bado liliwavuta. Kwa hiyo mwalimu anayejiambia kwamba 45,000 ni ya kupuuza hajaiondoa kichwani. Imekwisha kumwekea mahali pa kuanzia kufikiri, na kutoka hapo 24,999 inaonekana kama zawadi. Kwa mtazamo huo, kinachochukuliwa kwa mwalimu ni uwezo wake wa kupima, na kinachukuliwa bila yeye kuhisi.

Historia ya siku yenyewe ya ofa hizi, Black Friday, yaani Ijumaa Nyeusi, imejaa funzo. Philadelphia, mji wa Marekani, ilianzishwa mwaka 1682 na William Penn, mfuasi wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker. Watu hao walikataa kabisa kupatana bei. Kwao, kutaja zaidi ya unachokusudia kupokea kulikuwa uongo, kwa hiyo walitaja bei moja na kusimama nayo. (Hapa walikuwa wakali kuliko inavyopasa, na muuzaji wa Kariakoo angekuwa na la kuwajibu.) Katika mji huo huo, mwaka 1876, John Wanamaker aligeuza stesheni kuukuu ya reli kuwa duka kubwa na kueneza desturi ya kibandiko chenye bei moja kwa tajiri na maskini. Imani yake, kama inavyosimuliwa, ilikuwa kwamba walio sawa mbele ya Mungu wawe sawa mbele ya bei. Kibandiko cha bei kina mizizi katika ucha Mungu, jambo ambalo leo ni vigumu kulikumbuka.

Na ni Philadelphia hiyo hiyo iliyotoa jina la Black Friday. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 polisi wa trafiki walikuwa wakiiita hivyo siku inayofuata sikukuu ya Shukrani kwa uchovu, maana mji ulifurika wanunuzi pamoja na mashabiki waliokuja kwa mechi ya timu za Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini. Wenye maduka walilichukia jina. Mwaka 1961 walijaribu kulibadilisha liwe Big Friday, halikushika. Miaka ya 1980 ndipo yakaenezwa maelezo mapya, kwamba siku hiyo vitabu vya hesabu vya maduka huondoka kwenye wino mwekundu wa hasara na kuingia kwenye wino mweusi wa faida. Maelezo hayo yanarudiwa mpaka leo duniani kote. Jina la siku ya punguzo limebandikwa historia ambayo haikuwa yake.

Lilipofika Mashariki ya Kati liligusa jambo zito zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Souq, iliyokuja kununuliwa na Amazon mwaka 2017, ilizindua msimu wake kwa jina la White Friday, yaani Ijumaa Nyeupe. Waswahili wa Maskati na Dubai wanaijua kwa jina hilo. Ijumaa haiwezi kuitwa nyeusi mahali ambapo watu huamka, wakaoga, wakavaa kanzu safi na kwenda kuswali. Ni marekebisho yenye adabu. Hata hivyo Qurani, katika sura inayobeba jina la siku hiyo, iliweka mpaka unaozidi rangi ya jina: mwito wa sala ukisikika biashara iachwe, na sala ikiisha watu watawanyike kutafuta fadhila za Mungu. Biashara haikuharamishwa siku hiyo. Iliwekewa mahali pa kusimama. Nabii Amosi naye aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokuwa wakihesabu saa za Sabato wakingoja iishe wafungue magunia ya ngano, wapunguze kipimo na kuongeza uzito wa jiwe la fedha. Aliona kwamba papara na mizani ya uongo hutembea pamoja.

Papara ndiyo inayotengenezwa na ile saa ndogo kando ya runinga. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanatambua hiari ya kikao: muuzaji na mnunuzi wakishakubaliana, kila mmoja ana haki ya kughairi maadamu hawajaachana. Ipo pia hiari ya sharti, ambayo huwapa muda wa hadi siku tatu kufikiri wakikubaliana hivyo. Umoja wa Ulaya nao humpa anayenunua kwa mtandao siku 14 za kurudisha bidhaa nyingi bila kueleza sababu. Busara inayounganisha sheria hizo ni kwamba ridhaa ya kweli inahitaji muda. Saa inayohesabu kurudi nyuma inaung'oa muda huo makusudi. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo kibaya kinajitembeza hadi kitandani saa sita za usiku.

Papara inaweza pia kuua. Alfajiri ya tarehe 28 Novemba 2008, huko Valley Stream karibu na jiji la New York, umati wa watu wapatao 2,000 ulivunja milango ya duka la Walmart na kumkanyaga mfanyakazi mmoja hadi akafa. Mauzo ya mtandaoni yameondoa umati mlangoni, na hilo ni jema. Lakini yule mnunuzi anayesukumwa kutoka nyuma bado yupo, peke yake, gizani, na simu yake.

Si kila punguzo ni la uongo. Maduka huondoa matoleo ya mwaka uliopita ili kupisha mapya, wenye viwanda hutaka kushusha shehena kabla ya mwaka kuisha, na bei za vioo vya runinga zimekuwa zikishuka kweli kwa miaka mingi. Mtu anayengoja Novemba kwa subira anaweza kupata nafuu halisi. Ila runinga zina mtego wake. Baadhi ya viwanda hutengeneza matoleo maalumu kwa ajili ya msimu wa ofa, yenye namba inayofanana na ya toleo linalojulikana lakini yenye matundu machache ya nyaya au kioo hafifu zaidi. Toleo kama hilo halikuwahi kuuzwa kabla ya msimu. Likipewa bei ya zamani, limepewa utoto ambao halikuupitia.

Kisha kuna bei isiyoandikwa kabisa. Mwaka 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi iliyofunguliwa na tume ya biashara ya nchi hiyo pamoja na jimbo la New Jersey. Runinga zake zipatazo milioni 11 zilikuwa zikitambua, sekunde baada ya sekunde, ni nini kinaonekana kwenye skrini, na habari hizo ziliuzwa bila wenye nyumba kuridhia. Katika robo ya tatu ya mwaka 2021 faida ghafi ya Vizio kutokana na matangazo na takwimu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kuuza runinga zenyewe. Desemba 2024 Walmart ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 2.3. Bei ya runinga janja imeshuka kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba mnunuzi anaendelea kulipa baada ya kulipa.

Katika fiqhi, bei isiyojulikana huharibu mauzo. Ni sharti pande zote mbili zijue kinachotoka na kinachoingia, vinginevyo kuna gharari, yaani giza ndani ya mkataba. Mwalimu anajua alituma 24,999 kwa M-Pesa. Hajui kwamba jioni ya kwanza, familia ikiwa na hamu ya kuona picha, yale maandishi marefu aliyoyapitisha haraka kwa kubonyeza "kubali" yanaweza kuwa na sehemu iliyobaki ya bei.

Hapo wahubiri wengi humgeukia mnunuzi na kumhubiria tamaa. Ni kweli dini nyingi zinaonya dhidi ya kushindana kwa wingi wa vitu. Lakini mwenye mshahara mdogo anayetafuta punguzo si mlafi. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi chombo hicho kilihesabiwa kuwa anasa. Leo runinga inaonyesha masomo ya watoto, mpira wa Jumapili, mahubiri, khutba na habari za bei ya mahindi. Familia iliyotupa runinga ya kichogo iliyokufa haijatenda kosa kwa kutaka nyingine, na elfu mbili zikiokoka ni mboga ya wiki. Uongo wa punguzo unauma zaidi kwa sababu unawalenga wanaohesabu kila shilingi. Tajiri hana haja ya kukesha.

Na yupo mwingine ambaye katika mjadala huu hatajwi kabisa. Ni muuzaji jirani, kwenye ukurasa huo huo, mwenye runinga ile ile, aliyeandika 24,999 bila mstari wowote kwa kuwa hiyo ndiyo bei yake ya mwaka mzima. Hana asilimia ya kujivunia. Mwalimu anampita bila kumtazama, akiamini kwamba huyo ndiye anayeuza ghali. Ukitafuta hasara ya fedha katika kisa chetu, iko hapo. Mtume alikataza najashi, yaani kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua ili wengine wavutike. 45,000 iliyobuniwa inafanya kazi ya mpandishaji huyo, mnunuzi wa kubuni aliyesimama nyuma ya mwalimu akinong'ona kwamba yeye alilipa zaidi.

Kwa hiyo ndiyo, mwalimu amedhulumiwa, ingawa mfuko wake ni mzima na furaha yake ni ya kweli. Aliombwa kumwamini mtu aliyekuwa akishuhudia uongo, na imani hiyo ikatumiwa kumwadhibu mkweli. Hatudai kila mwenye duka afikie kiwango cha Sari al-Saqati wa Baghdad, ambaye Ghazali anatusimulia kwamba alinunua lozi kwa dinari 60 na kuandika daftarini faida ya dinari tatu tu. Bei sokoni ikapanda hadi 90. Dalali mcha Mungu akaja kuzinunua, Sari akataka 63, dalali akakataa kulipa chini ya 90 kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake, na wote wawili wakaachana bila biashara kufanyika. Ghazali mwenyewe analiweka hilo katika ihsani, daraja lililo juu ya uadilifu. Kinachodaiwa hapa kiko chini zaidi: bei ya jana iwe ilikuwapo jana.

Sheria zinaanza kulifikia. Tangu tarehe 28 Mei 2022, Umoja wa Ulaya unamtaka anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyoitoza katika siku 30 zilizotangulia. Duka la Aldi Süd la Ujerumani lilitangaza ndizi kwa euro 1.29 na kuonyesha kwamba zimeshuka kutoka 1.69, ilhali ndani ya siku hizo 30 ziliwahi kuuzwa kwa 1.29 ile ile. Tarehe 26 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba punguzo lazima lihesabiwe kutoka kwenye ile bei ya chini kabisa. Kenya nayo, katika Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inahesabu kuwa uongo kudai nafuu ya bei ambayo haipo. Maneno hayo yako kitabuni tayari. Ila mwenye kushtaki anahitaji kujua runinga iliuzwa kwa ngapi mwezi uliopita, na duka halimwekei mteja kumbukumbu hiyo.

Mwalimu anaweza kujiwekea. Wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla ya makelele, anapiga picha ya skrini: jina la runinga, namba yake kamili ya toleo hadi herufi ya mwisho, na bei. Anaihifadhi kwenye simu, kando ya risiti za karo. Ijumaa ya Novemba ikifika na saa ikaanza kuhesabu, anaifungua picha yake kwanza, anailinganisha, kisha anamwandikia muuzaji swali moja: hii 45,000 iliuzwa tarehe ngapi?